Asilimia 33 hiyo imetoka kwenye shaba, au kwenye hesabu?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi mitambo, mwaka wa mwisho, nyumbani ni Ujiji. Mradi wangu ni simulesheni ya silinda ya moto iliyo katikati ya boksi la mraba lililojaa kimiminika. Silinda ina kipenyo cha sentimita 1, boksi lina upande wa sentimita 4, na kati ya silinda na kuta kuna tofauti ya nyuzi 20. Nimelinganisha maji matupu na maji yenye chembe nano za shaba (punje ndogo sana, za kupimwa kwa nanomita), asilimia 10 ya ujazo. Namba ya Rayleigh, ile inayopima nguvu ya joto kuzungusha kimiminika, nimeishika kwenye 100,000 kwa vyote viwili. Joto linalotoka kwenye silinda limeongezeka kwa asilimia 33, na msimamizi wangu ameridhika. Sasa baba yangu mdogo ana injini ya dizeli inayoendesha kinu cha kukamua mawese kule Simbo. Rejeta yake ya lita 12 inachemsha karibu kila mchana. Alipoona grafu zangu akasema tununue chembe hizo tumimine kwenye rejeta. Bei imenitisha, na majibu yangu mwenyewe nimeanza kuyatilia shaka. Je, hiyo asilimia 33 ni ya kweli? Na baba mdogo nimwambie nini?"*

Marahaba, mwanangu. Nianze na la baba mdogo kwa kuwa linagusa mfuko: msinunue chembe hizo. Sababu nitazieleza kwa urefu kwani zinahusu mradi wako pia. Shaka uliyoipata usiifukuze. Wengi wakiona grafu imependeza na msimamizi ameridhika hufunga kompyuta wakaenda kulala. Wewe umerudi kuuliza, na umeuliza mahali penyewe.

Swali lako lina mambo mawili yaliyofungwa kwenye kanga moja: kama programu imekokotoa sawasawa, na kama ilichokokotoa kinafanana na kitakachotokea kwenye maji na chuma. La kwanza sina ugomvi nalo. Naamini programu yako imefanya ilichoagizwa, na kinachonishawishi ni namba yenyewe. Katika karne ya 19 Maxwell alitoa kanuni ya kukadiria upitishaji joto wa kitu kilichochanganywa na chembe za kitu kingine. Chukua maji yenye upitishaji wa 0.613, shaba yenye 400, na chembe asilimia 10 ya ujazo, uviweke kwenye kanuni hiyo. Jibu ni mara 1.33 ya maji matupu. Ni ile asilimia 33 yako. Simulesheni iliyokesha usiku kucha imekurudishia namba uliyokuwa umeiingiza jioni.

Imekuwaje? Tuangalie kwanza kinachotokea ndani ya boksi. Maji yanayogusa silinda hupata joto, hutanuka, huwa mepesi, hupanda. Yakifika juu hugota kwenye ukuta wa baridi, hupoa na kushuka pembeni, kisha huzunguka tena. Huo ndio myuko. Lakini kabla joto halijabebwa na mzunguko huo, sharti lipenye utando mwembamba wa maji unaong'ang'ania uso wa silinda, na ndani ya utando huo kazi hufanywa na mpitisho, yaani joto kupenya bila maji yenyewe kulibeba. Unene wa utando unategemea jinsi maji yanavyozunguka: yakienda kwa kasi utando hukonda, yakizubaa hunenepa.

Chembe za shaba hufanya mambo mawili yanayovutana. Zinarahisisha joto kupenya utando, na hilo ndilo watu huliandika kwa herufi kubwa. Pia zinaongeza mnato, na mnato hupunguza mzunguko, utando unanenepa. Fikiria kikombe cha chai na bakuli la uji vilivyoepuliwa pamoja. Chai inazunguka yenyewe ndani ya kikombe na kupoa. Uji, ambao kwa sehemu kubwa ni maji yale yale, juu utaonekana umepoa na katikati bado unaunguza, kwa sababu mnato umeufungia usizunguke.

Mvutano huo ndio umepotea kwenye ulinganisho wako. Namba ya Rayleigh hubeba ndani yake upanukaji, tofauti ya joto, ukubwa wa boksi, mnato na usambaaji wa joto. Ukiishika kwenye 100,000 kwa maji na kwa mchanganyiko, ilhali mnato na upitishaji wa mchanganyiko vimepanda, basi lazima kuna kingine kimepandishwa kimyakimya ili namba isishuke. Nimeipiga hesabu kwa kutumia kanuni ya mnato ya Brinkman ya mwaka 1952, ambayo nadhani ndiyo uliyotumia kwa vile karibu kila mwanafunzi huitumia. Kwa boksi lile lile na nyuzi zile zile, namba ya Rayleigh ya mchanganyiko wako ni asilimia 55 tu ya ile ya maji. Kuirudisha ilingane na ya maji, itabidi tofauti ya joto itoke nyuzi 20 hadi karibu 36. Kwa maneno mengine, maji umeyapima kwenye jiko la nyuzi 20 na shaba kwenye jiko la nyuzi 36, kisha ukagawanya kana kwamba jiko ni moja. Namba ya Nusselt, yaani joto linalotoka likilinganishwa na lile ambalo mpitisho peke yake ungelitoa, haikubadilika kitu, na ongezeko lote likawa lile la Maxwell.

Kosa hili si lako peke yako. Limo kwenye makala nyingi zilizochapishwa, na lina ndugu yake kwenye mtiririko wa kusukumwa na pampu: watu hushika namba ya Reynolds, inayolinganisha kasi ya mtiririko na mnato, wakasahau kwamba kwa kimiminika kizito zaidi pampu imelazimika kusukuma kwa kasi zaidi. Mwaka 1998 Pak na Cho walipima chembe za alumina (oksidi ya alumini) ndani ya maji kwenye bomba. Kwa namba ya Nusselt chembe zilionekana zinasaidia. Walipolinganisha kwa kasi moja ya mtiririko, mchanganyiko wa asilimia 3 ulitoa joto pungufu kwa asilimia 12 kuliko maji. Maabara moja, vipimo vile vile, na hitimisho likageuka kwa sababu ya kitu kilichoshikwa.

Tuirudie kesi yako kwa haki, nyuzi 20 kwa nyuzi 20. Katika myuko wa aina hii joto linalotoka hufuata, kwa kukadiria, upitishaji ulioinuliwa kipeo cha robo tatu, mara upanukaji na uwezo wa kubeba joto, gawanya kwa mnato, hivyo vitatu vikiwa kwenye kipeo cha robo. Kwa mnato wa Brinkman, faida yako ya asilimia 33 inashuka hadi kama 15. Hapo tumeipunguza zaidi ya nusu, na bado tunamwamini Brinkman.

Nami simwamini kwa chembe nano. Kanuni yake imejengwa juu ya ile ya Einstein ya mwaka 1906, inayofikiria vijitufe vilivyotawanyika vizuri, kila kimoja na nafasi yake. Chembe nano hushikana, hutengeneza vishada, na vishada hufungia maji ndani yake, kwa hiyo mnato halisi mara nyingi hupanda kuliko karatasi inavyosema. Brinkman kwa asilimia 10 anakupa mara 1.3. Pak na Cho, kwa alumina ya asilimia 10 hiyo hiyo, walipima mnato wa karibu mara 200 ya maji. Tusiende huko, sema shaba yako imeongeza mnato mara 10 tu. Hesabu ile ile inatoa upungufu wa asilimia 31. Grafu yako inapinduka miguu juu kwa kubadilisha namba moja ambayo hakuna aliyeipima. Mpaka kati ya faida na hasara uko kwenye mnato wa mara 2.26 hivi. Kwa alumina ya asilimia 4, mchanganyiko mwingine unaopendwa sana, nimepata mpaka uko karibu mara 1.34, na vipimo vilivyochapishwa vya mchanganyiko huo vinaanzia hapo hapo kwenye mpaka na kwenda juu.

Hivyo haishangazi kilichotokea mwaka 2003. Khanafer na wenzake walichapisha uigaji wa kompyuta wa myuko ndani ya boksi: chembe zikiongezeka, joto linaongezeka. Mwaka huo huo Putra, Roetzel na Das wakachapisha vipimo vya maabara vya myuko kwa alumina na oksidi ya shaba: chembe zikiongezeka, joto linapungua. Ukinilazimisha kuchagua, kwenye jambo hili nasimama na walioshika kipimajoto mkononi. Lakini kazi za baadaye zimeonyesha kwamba kwa chembe kidogo sana, kama asilimia 0.1, faida huweza kuonekana, na ukizidisha kufika asilimia 2 inageuka hasara. Kidogo huweza kufaa, kingi huharibu. Asilimia 10 ni kingi mno.

Kuna dhana nyingine lazima niiguse kwa sababu naisikia kila mwaka: kwamba chembe nano zina nguvu ya pekee kutokana na kutikisika kwake, nguvu ambayo kanuni za zamani haziioni. Dhana hiyo ina historia. Choi alipolileta jina la nanofluidi, yaani kimiminika chenye chembe nano, mwaka 1995, akiwa maabara ya Argonne kule Marekani, ripoti za kwanza zilizofuata zilikuwa na namba kubwa za kusisimua. Mwaka 2009 kikundi kilichoongozwa na Buongiorno kikachapisha jambo ambalo ningependa kila fani ilifanye: maabara zaidi ya 30 zilipewa sampuli zile zile zipime upitishaji joto, kila moja kwa chombo chake. Matokeo yakaangukia kwenye kanuni za aina ile ile ya Maxwell. Hakukuwa na muujiza wa kueleza. Kwa hiyo Maxwell kwenye mradi wako mwache alipo. Kinachohitaji kupimwa ni mnato.

Sasa turudi kwenye boksi lako, maana kuna jingine nimeliona. Unasema upande ni sentimita 4 na tofauti ni nyuzi 20. Hebu ingiza mwenyewe namba za maji ambazo makala nyingi za nanofluidi huzitumia: 9.81, mara upanukaji 0.00021, mara 20, mara mita 0.04 kipeo cha tatu, gawanya kwa 0.893 ya sehemu ya milioni na 0.147 ya sehemu ya milioni. Utapata kama milioni 20. Wewe umeendesha laki moja. Kwa boksi lako, laki moja ni tofauti ya sehemu ya kumi ya nyuzi, joto ambalo hata kidole hakilihisi. Kwa hiyo sentimita na nyuzi ulizoandika kwenye ripoti hazihusiani na kilichokokotolewa, na mtahini makini ataanzia hapo.

Ukihamia milioni 20 meshi yako, yaani ule wavu wa seli ndogo ambamo programu hukokotoa, nayo lazima ibadilike. Kwenye laki moja utando ulikuwa na unene wa milimita 2 hivi. Kwenye milioni 20 unakonda hadi milimita 0.6, na ndani ya hiyo milimita 0.6 nataka uwe na seli zisizopungua kumi, zikibanana karibu na silinda na kuachiana kadiri unavyokwenda mbali. Rudia kwa meshi tatu, kila moja ikiwa na seli maradufu kila upande, na usikubali jibu mpaka meshi mbili za mwisho zipishane kwa chini ya asilimia 1. Mtiririko wa moto unaopanda juu ya silinda unaweza pia kuanza kuyumba kushoto na kulia. Ukiyumba, achana na hesabu tuli, endesha ya muda na uchukue wastani.

Na kabla ya yote hayo, programu ipewe mtihani ambao majibu yake yanajulikana. Mwaka 1983 de Vahl Davis alichapisha majibu ya boksi la mraba lenye hewa, ukuta mmoja wa moto na wa pili wa baridi: wastani wa namba ya Nusselt ni 1.118 kwa Rayleigh 1,000, 2.243 kwa 10,000, 4.519 kwa 100,000 na 8.800 kwa milioni moja. OpenFOAM, programu ya kukokotoa mitiririko ambayo hailipiwi, inazipata kwenye kompyuta ya kawaida bila kusubiri sana. Isipozipata, hakuna haja ya kuzungumzia shaba.

Utasoma pia kwamba modeli za awamu mbili, kama ya Buongiorno ya mwaka 2006 inayofuatilia chembe zinavyosambaa na kukimbia sehemu za moto, ni bora kuliko yako. Kifizikia zimekamilika zaidi. Lakini ukiziingizia mnato wa kubahatisha zitakupa jibu la kubahatisha lenye tarakimu nyingi zaidi. Muda ulionao utumie maabara. Omba viskomita (kipima mnato) ya kioo ya Ostwald, vyuo na hata baadhi ya shule huwa nayo. Pima muda ambao maji yanachukua kushuka, kisha mchanganyiko, kwa joto lile lile, urekebishe kwa uzito wa ujazo. Kipimo hicho kimoja, hata kikiwa cha alumina ya asilimia 1 badala ya shaba ya asilimia 10, kitaupa mradi wako uzito kuliko grafu ishirini za rangi.

Kuhusu msimamizi, usiende naye kwa kumwambia amekosea. Mpelekee hesabu mbili kwenye karatasi moja: namba ya Rayleigh ikishikwa sawa, na tofauti ya nyuzi ikishikwa sawa. Mwalimu mwema akiziona pamoja ataelewa mwenyewe, na ripoti yako itakuwa na swali la kweli la kujibu. Kama chuoni hakuna vifaa vya kutawanya chembe au kupima mnato, muulize kama anaweza kukuandikia barua kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha. Hilo ni la kukaa uso kwa uso, mimi kwa maandishi siwezi kukushikia chombo.

Tuje Simbo. Asilimia 10 ya shaba kwenye rejeta ya lita 12 ni lita 1.2 za shaba tupu, karibu kilo 11, zikiwa zimesagwa kuwa nano. Umesema bei imekutisha. Ilikutisha kwa haki. Hata zingetolewa bure zisingekaa. Chembe ya alumina ya nanomita 40, ikiwa peke yake, huzama robo milimita kwa siku. Zikishikana kuwa kishada cha nanomita 2,000 kasi ya kuzama inapanda mara 2,500, zaidi ya nusu mita kwa siku, na shaba ni nzito kuliko alumina. Injini ikilala usiku mmoja asubuhi kuna tope chini ya rejeta, kama lile Malagarasi inaloliacha mdomoni inapoingia Ziwa Tanganyika. Mirija ya rejeta ni myembamba na sili ya pampu ya maji haipendi mchanga. Isitoshe siku ya kumwaga maji hayo yatakwenda wapi? Shaba ni sumu kwa samaki, na huko kwenu mifereji yote inaishia ziwani kwenye dagaa na migebuka. Unga wa nano ukipeperuka nao si wa kuvuta puani.

Lakini hata kimiminika kingekuwa bora, rejeta isingekishukuru. Joto linatoka kwenye maji, linavuka bati, linaingia kwenye hewa, na kizuizi kikubwa kiko upande wa hewa. Tuseme kati ya vizuizi 100, hewa inashika 80 na maji 15. Boresha upande wa maji kwa asilimia 10, umeondoa kizuizi kimoja na nusu katika mia.

Kwa hiyo mwambie baba mdogo aangalie hewa kwanza. Kwenye vinu vya mawese mapezi ya rejeta hupakwa mafuta, vumbi na nyuzinyuzi za makapi zikanasa hapo mpaka hewa haipiti. Ayaoshe kwa maji ya moto na sabuni, akipuliza kutoka upande wa injini kwenda nje, bila kuyapinda. Halafu apime ni wapi injini ilipo na wapi mapipa ya kuchemshia mawese yalipo. Tuseme maji ya rejeta yako nyuzi 95 na hewa inayoingia, kwa kuwa inatoka upande wa moto wa kuni, iko 45. Tofauti ni 50. Akiisogeza injini au akaweka ukuta wa mabati, rejeta ikavuta hewa ya nyuzi 30, tofauti inakuwa 65. Hiyo ni asilimia 30 zaidi ya joto linalotolewa, karibu sawa na ile grafu yako iliyomwahidi, kwa gharama ya kusogeza mtambo hatua chache.

Kisha kizibo cha rejeta. Kigoma iko mita zaidi ya 770 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 97. Kizibo kizima hushikilia shinikizo linaloinua kiwango hicho kwa nyuzi 20 hivi. Springi ikichoka nyuzi hizo zote zinapotea. Mkanda wa feni uwe umekazwa, themostati ijaribiwe kwenye sufuria ya maji ya moto kama inafunguka, na badala ya maji ya kisima yenye chokaa atumie kulanti iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye galoni. Kulanti haipoozi kuliko maji, lakini inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Asifungue kizibo injini ikiwa ya moto. Mvuke ule umeunguza nyuso za watu wengi. Na kama baada ya yote hayo bado inachemsha, au anaona mapovu yanatoka mfululizo kwenye rejeta injini ikiunguruma, au moshi mweupe hauishi, au oili imegeuka rangi kama chai ya maziwa, azime mtambo siku hiyo hiyo. Hapo gasketi ya silinda hedi inashukiwa, na fundi wa injini lazima afike Simbo afungue aone kwa macho.